Mageuko ya viumbe: Tusiwafundishe vijana wetu kuandika wasichokiamini

Vijana wetu wa sekondari wanapofika kwenye mada ya mageuko ya viumbe katika somo la Baiolojia, swali moja huletwa kwa mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Asubuhi tumefundishwa kuwa viumbe hubadilika na kwamba binadamu naye ana mababu waliotangulia. Mchana tunafundishwa kuwa Nabii Adam (AS) ameumbwa kwa udongo. Sasa kwenye mtihani tuandike lipi? Na jibu ambalo walimu wengi, masheikh na hata wazazi wamezoea kulitoa ni kuwa andika wanavyotaka wao ili ufaulu, lakini moyoni usiamini.

Jibu hili linaonekana la busara. Linamwokoa mtoto asifeli na linamwokoa asikufuru. Lakini hebu tulitazame vizuri. Tunamwambia kijana wa Kiislamu, mwenye umri wa miaka kumi na sita au kumi na saba, kuwa kalamu yake inaweza kwenda njia moja na moyo wake ukaenda njia nyingine, tena bila ya kushikiwa upanga, kwa ajili ya alama tu. Katika dini yetu tabia hiyo ina jina lake, na si jina zuri. Kisha tunashangaa anapomaliza chuo na kuingia ofisini, naye anasaini taarifa ambazo anajua si za kweli. Alijifunzia wapi?

Kwa maoni yangu kosa limeanzia kwenye swali lenyewe. Yamefungwa mambo mawili katika fundo moja, kisha kijana akaambiwa alichukue fundo zima au alitupe zima. Jambo la kwanza ni iwapo jamii ya viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi. Jambo la pili ni asili ya baba yetu Adam. Hayo si jambo moja, wala ushahidi wake si wa aina moja.

Tuanze na la kwanza. Mkulima wa Kiluguru hahitaji kwenda chuo kikuu ili alijue. Anapovuna mahindi huchagua yale magunzi yaliyojaa vizuri, akayatundika juu ya jiko yapigwe moshi, na hayo ndiyo mbegu ya msimu ujao. Anajua mahindi hayafanani. Anajua kuwa zuri huzaa zuri, kwa kawaida. Na anajua kuwa akichagua hivyo miaka kumi, shamba lake halitakuwa lile la mwanzo. Charles Darwin, Mwingereza aliyetoa kitabu chake mwaka 1859, alianzia hapo hapo, kwenye wafugaji wa njiwa na mifugo wa kwao. Alichoongeza ni kuwa hata pale pasipo na mkulima wa kuchagua, mazingira yenyewe, yaani baridi, njaa, maradhi na adui, hufanya kazi inayofanana na ya mkulima: baadhi huishi na kuzaa, wengine hufa bila kuacha kizazi, na zile tofauti zinazorithiwa huongezeka au hupungua katika jamii nzima. Hilo ndilo wanaloliita uteuzi asilia.

Je, hili ni nadharia ya makafiri tu? Muulizeni mtu yeyote mzima hapa nchini kuhusu klorokwini. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo dawa ya malaria, chungu kama shubiri, na watu walijikuna hadi kuchoka, lakini ilitibu. Ikafika wakati ikawa haitibu. Mwaka 2001 Serikali ikaiondoa kuwa dawa ya kwanza na kuweka SP. Haikuchukua muda nayo ikachoka, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kutumika dawa mseto. Nini kilitokea? Klorokwini haikuharibikia kiwandani. Miongoni mwa mabilioni ya vimelea walikuwapo wachache ambao jeni zao zilikuwa na tofauti ndogo, na dawa haikuwaua. Dawa ikafagia wenzao wote, wakabaki wao, wakazaana. Jirani zetu wa Malawi waliacha klorokwini mwaka 1993, na ilipopita miaka zaidi ya kumi watafiti walikuta vimelea vya kule vinakufa tena kwa dawa ile ile, kwa kuwa dawa ilipoondoka, wale wasugu hawakuwa tena na faida yoyote juu ya wenzao. Hivi sasa mkoani Kagera wameripotiwa vimelea vilivyoanza kuichelewesha dawa mseto. Mbu nao, wale wanaofanyiwa utafiti Ifakara katika mkoa wetu huu wa Morogoro na kwingineko, wamejenga usugu dhidi ya dawa iliyomo kwenye vyandarua, ndio maana vimetengenezwa vyandarua vya aina mpya.

Kijana anayefundishwa kuwa haya ni uongo wa kuandikia mtihani, kesho ndiye mfamasia atakayeuza nusu dozi. Hajui kuwa kwa nusu dozi yake anawachagulia vimelea mbegu.

Na sisi tulio Morogoro tuna jambo jingine la kulitazama, kwani liko juu ya vichwa vyetu. Milima ya Uluguru ni sehemu ya ule mnyororo unaoitwa Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu yake imekaa kama visiwa, ikizungukwa na mbuga kavu kila upande, kwa mamilioni ya miaka. Ndani ya msitu wa Uluguru wapo ndege wasiopatikana pengine popote duniani. Wapo pia vyura wa jamii ambayo wataalamu wanaiita Nectophrynoides, ambao hawatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea bali huzaa vitoto vilivyokamilika. Jamii hiyo iko Tanzania tu, na karibu kila mlima una aina zake: Uluguru wana wao, Usambara wana wao, Udzungwa wana wao. Yule wa Kihansi, aliyejulikana mwaka 1996 pale kwenye maporomoko, akatoweka baada ya maji kuchukuliwa kwa ajili ya umeme, kisha akarudishwa kutoka Marekani mwaka 2012, ni ndugu yao. Mtu akitazama haya na kusema kuwa ndugu waliotenganishwa na mbuga wamebadilika kila mmoja katika mlima wake, amesema nini cha kumuudhi Muumba? Katika Surat Fatir, aya ya 27 na ya 28, Allah (SW) anataja matunda ya rangi mbalimbali, milima yenye mistari ya rangi mbalimbali, kisha watu na wanyama wa rangi mbalimbali, na hapo hapo anawataja wenye elimu kuwa ndio wanaomcha. Wanaharakati wetu huikata aya hii wakaibakisha ile sehemu ya maulamaa peke yake, wakaiacha milima na wanyama. Na katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, tumeamrishwa kutembea katika ardhi tutazame uumbaji ulivyoanzishwa. Hatukuambiwa tufumbe macho.

Iko hadithi katika Sahih Bukhari na Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (RA), ambayo kila mwalimu wa dini anaijua lakini sijui kwa nini hatuipeleki darasani siku ya mada hii. Bedui wa kabila la Fazara alimjia Mtume (SAW) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na maana yake inaeleweka. Mtume (SAW) hakumjibu kuhusu mke. Alimuuliza kuhusu ngamia zake, rangi yao ni ipi. Akasema ni wekundu. Akamuuliza iwapo yumo mwenye rangi ya kijivu. Akasema yumo. Akamuuliza ametokea wapi. Yule bwana akajibu kuwa huenda ni asili ya zamani ndiyo iliyomvuta. Mtume (SAW) akamwambia kuwa basi huenda na mwanao huyo naye amevutwa na asili ya zamani.

Tazameni jinsi mjadala ulivyokwenda. Bedui alikuwa anaijua tayari elimu ya urithi, aliijua kwa ngamia, ila hakutaka kuitumia nyumbani kwake. Alijua kuwa sifa inaweza kujificha kizazi kizima na kujitokeza baadaye. Na kilichokuwa mezani hakikuwa cheti. Ilikuwa ni heshima ya mwanamke na nasaba ya mtoto mchanga. Mafakihi wamechukua hapo hukumu kuwa mtu hawezi kumkana mwanawe kwa kutofautiana rangi tu.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu hapa Tanzania tunaye bedui wetu, na mtoto anayemkana ni yule mwenye sikoseli.

Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye maradhi haya, na tuko miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Mtoto huanza kuvimba vidole, macho yanakuwa ya manjano, mifupa inauma usiku kucha, damu inapungua mara kwa mara. Na mara ngapi tumesikia maneno yanayofuata? Kwamba mtoto karogwa. Kwamba ana jini wa ukoo. Kwamba huyu mwanamke ana damu chafu, kwetu sisi hakuna ugonjwa huu, ameuleta yeye. Talaka ngapi zimeandikwa kwa maneno hayo, na waliosoma ruqya wangapi wamechukua pesa ya mama ambaye alipaswa awe kliniki?

Ukweli wa maradhi haya ni huu. Kila mtu ana jeni mbili za himoglobini, ile inayobeba hewa katika damu. Moja imetoka kwa baba, moja kwa mama. Sikoseli ni kosa la herufi moja tu katika jeni hiyo. Mwenye jeni moja yenye kosa na moja ya kawaida kwa kawaida haumwi wala hajui, tunamwita mbebaji. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za kupata mbebaji, na moja kati ya nne ya kupata asiye na kosa kabisa. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama na sheria yetu inahesabu nasaba kwa baba, lakini damu hii haijui ukoo wa upande mmoja: mtoto hawi mgonjwa mpaka wachangie wote wawili. Mume anayesema mke ndiye aliyeuleta, amekwishajitaja mwenyewe.

Sasa kwa nini jeni yenye madhara kama haya imeenea kiasi hiki kwetu? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mbalimbali ya nchi ile mwaka 1949. Akaona kuwa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji ni wengi, sehemu nyingine zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, lakini katika nyanda za juu zenye baridi ni wachache mno. Akatambua kuwa ramani ya wabebaji inafuata ramani ya malaria, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake. Tafiti zilizofuata, zikiwemo za Kilifi, zimeonyesha kuwa mtoto mbebaji anakingwa na malaria kali kwa kiasi cha asilimia 90 hivi. Kwa maana hiyo, katika vijiji vya bondeni ambako mbu hawaishi, watoto wasio na jeni hiyo walikufa kwa malaria, wenye jeni mbili walikufa kwa sikoseli, na wenye moja ndio waliokua wakatuzaa. Anayepanda kutoka bonde la Kilombero hadi Mgeta kwenye baridi anaweza kuona kwa macho yake mbu wanavyopungua. Mbebaji aliyepo leo ni mjukuu wa mtoto aliyenusurika.

Mfano huu unabomoa upotofu wa aina mbili. Upo wa wale wazungu waliolichukua neno la Darwin wakapanga ngazi ya watu, mweupe juu na mweusi chini, wakatawala kwa hoja hiyo. Waislamu wa Afrika wana haki ya kulichukia jambo hilo. Lakini jeni ya sikoseli haijui ngazi wala rangi. Iko Afrika, iko Qatif na Al-Ahsa mashariki ya Saudi Arabia, iko India, iko Sicily na Ugiriki. Imefuata mbu, haikufuata ngozi. Tena ni kinga penye malaria na ni balaa tupu pasipo malaria. Zanzibar, ambako malaria imepunguzwa sana tangu miaka ya 2000, ile faida imekaribia kwisha na madhara yamebaki. Hakuna kilicho bora milele, kuna kinachofaa mahali na wakati.

Na upo upotofu wa pili, wa kwetu, kwamba kusema haya hutokea kwa nasibu ni kumkana Mwenyezi Mungu. Ndugu msomaji, mtoto wa kiume au wa kike hutokeaje? Kwa hesabu zetu ni kama kurusha sarafu, nusu kwa nusu, na kila mkunga anajua hivyo. Na katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na ya 50, Allah (SW) anasema kuwa Yeye ndiye anayewapa awatakao wana wa kike na awatakao wana wa kiume. Sijapata kumsikia Muislamu akisema kuwa hesabu ya nusu kwa nusu inapingana na aya hiyo. Nasibu ni jina la mipaka ya hesabu zetu, si jina la mipaka ya elimu Yake. Basi kama tunalikubali hilo katika jinsia ya mtoto, kwa nini tulikatae katika rangi ya ngamia, katika himoglobini, katika vyura wa Uluguru?

Sikatai kuwa kuna jambo zito hapa. Uteuzi asilia maana yake ni makaburi ya watoto, mengi sana, vizazi na vizazi. Mama aliyezika hatatulizwa kwa kuambiwa kuwa jeni ilikuwa na faida kwa jamii. Lakini naye asiambiwe kuwa ni adhabu ya dhambi zake, maana hilo halina dalili. Mtihani ni mtihani, na subira ina malipo yake, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa.

Tuje kwa Adam (AS). Hapa nasema wazi ninavyoelewa mimi. Surat Aal Imran, aya ya 59, imelinganisha kuumbwa kwa Isa (AS) na kuumbwa kwa Adam. Isa hakuwa na baba. Mtaalamu akichunguza wanawake wote wa dunia atasema kuwa hakuna mimba bila mwanamume, na atakuwa amesema kweli kuhusu kanuni, lakini hakugusa muujiza wa Maryam, kwani muujiza si kanuni. Kadhalika Adam. Mifupa ya Oldupai na zile nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi, zinatuambia kuwa walikuwapo viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika ardhi yetu hii. Sijaona aya wala hadithi sahihi inayosema kuwa hawakuwapo. Pale ambapo maandiko yamenyamaza nasi tunyamaze. Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham, katika kitabu alichokitoa mwaka 1888 na kukipa jina la Sultan Abdul Hamid II, aliyajadili haya bila hofu, akaweka kanuni kuwa tunashika dhahiri ya aya mpaka uje ushahidi wa kukata. Alikuwa anajadiliana na Darwin, hakuwa anamkimbia.

Sisi tumekimbilia pande mbili zisizo na faida. Wengine wanadai kuwa Darwin kaiba kila kitu kwa Al-Jahiz, kwa sababu Al-Jahiz aliandika katika kitabu chake cha wanyama kuwa mnyama mmoja humla mwingine. Wengine miaka ile ya 2000 walishika vitabu vya Harun Yahya wa Uturuki, vya karatasi ya kung'aa, bila kuvichunguza. Katika ile Atlas yake kubwa zimo picha za chambo bandia za kuvulia samaki, ndoano zinaonekana kabisa, zikielezwa kuwa ni wadudu! Imam Ghazali alishatuonya zaidi ya miaka 900 iliyopita, alipozungumzia kupatwa kwa jua na mwezi, kuwa anayeikanusha hesabu iliyothibiti kwa kudai anaitetea dini, ameidhuru dini kuliko adui yake.

Kwa hiyo kijana na aandike uteuzi asilia kwa moyo mkunjufu, akijua kuwa anaandika jambo la kweli. Akiulizwa asili ya binadamu, na aandike kuwa wataalamu wa Baiolojia wanasema hivi kwa ushahidi huu. Huo ni ukweli kuhusu wanachosema, na imani yake juu ya Adam haikuguswa.

Lakini lililo zito zaidi ya mtihani ni nikaha. Saudi Arabia tangu mwaka 2004 imelazimisha wachumba kupima sikoseli na thalasemia kabla ya ndoa. Hawakatazwi kuoana, wanaelezwa matokeo kisha wanaamua wenyewe. Hapa kwetu nimesikia wakisema kuwa kupima ni upungufu wa tawakkul. Hoja hiyo ilishajibiwa zamani. Umar bin Khattab (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham na tauni ikawa imeingia, aliamua kurudi, na alipoulizwa iwapo anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah.

Kipimo chenyewe ni damu kidogo tu. Mshenga wetu anapokwenda kuposa huuliza mengi: ukoo, kazi, dini ya kijana, iwapo ana mke mwingine, hata madeni yake. Wazee wa pande zote hukaa kwenye mkeka wakajibu bila kuona haya, na mahari huandikwa hadi kitanda na kanga. Sijasikia bado mshenga aliyeuliza himoglobini.